Vitabu Vitatu Juu ya Jamaa na Uvumilivu

Katika likizo iliyopita, mvua za masika zilipozidi na njia zikawa hazipitiki, tulipata nafasi ya kusoma vitabu vitatu. Viwili tuliazimwa na mwalimu mwenzetu. Kimoja tulikikuta katika kabati la vitabu la parokia, mchwa wamekila pembeni, lakini kurasa zote zimo. Hatukuvichagua kwa makusudi. Walakini tulipokwisha kuvisoma tuliona kwamba vyote vitatu vyazungumza neno moja, yaani jinsi jamaa ya watu iwezavyo kupigwa na msiba isianguke, au ikaanguka na kuinuka tena. Basi twataka kuwaeleza yaliyomo, na kusema wazi mahali tulipopendezwa na mahali ambapo hatukuridhika. Tena twataka kuungama jambo moja, maana kimoja katika vitabu hivi kilitukuta na hatia.

Wako wenzetu wasemao kwamba mtu mzima mwenye shamba na watoto hana haja ya hadithi. Na asome Biblia na kitabu cha sala, vyamtosha. Nasi twawajibu kwa upole kwamba Biblia yenyewe yatuonyesha nguvu ya hadithi. Mfalme Daudi alipokosa, nabii Nathani hakumwendea kwa makemeo. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Mfalme akaghadhibika, akamhukumu yule tajiri, asijue kwamba amejihukumu mwenyewe. Ndivyo ifanyavyo hadithi njema. Humwacha msomaji aketi kwanza mahali pa hakimu, kisha humwonyesha ya kuwa mshitakiwa ni yeye.

Kitabu cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa, kilichotungwa na James Mbotela na kupigwa chapa London mwaka 1934. Mtungaji alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa utumwani, akaokolewa, akapelekwa Freretown, kijiji cha misheni kilichojengwa katika miaka ya 1870 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa ajili ya watu kama yeye. Kijiji hicho kilipewa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyefika Unguja kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, kabla Sultani Barghash hajatia sahihi mapatano ya mwaka 1873 yaliyofunga soko la watumwa. Kitabu ni chembamba. Chaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, safari ya kwenda pwani, jahazi, manowari ya Kiingereza, kisha maisha mapya katika kijiji cha watu huru.

Lililotugusa sana si mnyororo wala jahazi, maana habari hizo tumezisikia tangu utoto. Lililotugusa ni yale yaliyofuata. Watu walishushwa pwani, kila mmoja ametoka nchi yake na kabila lake, hapana amjuaye shangazi wa mwenziwe wala kaburi la babu yake. Tulipokuwa tukisoma tulijiuliza: siku ya harusi ya kwanza katika kijiji kile, nani aliketi mahali pa baba wa bibi arusi? Nani alipokea mahari? Mtoto alipozaliwa, nani alimpa jina la ukoo, na ukoo wenyewe uko wapi? Sisi tuliozaliwa penye makaburi ya wazee wetu twadhani jamaa ni kitu kinachoota chenyewe kama nyasi. Watu wa Freretown walipaswa kuipanda kwa mkono. Mtu asiye na kaka alimwita jirani kaka, akamtendea kama kaka, hata watoto wao wasione tofauti. Huo ndio uvumilivu, nao hauonekani kwa macho kama pingu zionekanavyo.

Lakini tuna neno juu ya kitabu hiki. Mtungaji ashukuru mno. Kumshukuru mwokozi ni wajibu, wala hatumlaumu mwana kwa kuwashukuru watu waliomfungua baba yake. Walakini shukrani zake kwa wageni zimekuwa nyingi hata zafunika nguvu za wale waliofunguliwa. Manowari iliwatoa katika jahazi kwa siku moja. Lakini kuamka kila siku, kulima, kujenga, kuoana na kulea bila ya mjomba wala nyanya, hiyo ilikuwa kazi yao wenyewe kwa miaka mingi. Tungalipenda kurasa kumi zaidi juu ya hayo. Tena Waarabu katika kitabu hiki waonekana karibu wote kuwa waovu, na msomaji mwenye majirani Waislamu yampasa asome kwa hadhari, asije akachukua dhambi ya wafanya biashara wa zamani akamtwika jirani yake wa leo. Pamoja na hayo kitabu chafaa kusomwa, hasa na vijana wanaodhani kwamba mtu aliyepotewa na jamaa yake ametengwa na dunia.

Kitabu cha pili ni Maisha Yangu cha Shaaban Robert, ambacho sasa husomwa pamoja na Baada ya Miaka Hamsini katika jalada moja. Mshairi huyu alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akafanya kazi ya ukarani katika serikali ya kikoloni, akafariki mwaka 1962. Alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo, lakini machozi hayana dini. Katika kitabu hiki aeleza jinsi mkewe Amina alivyofariki, naye akaachiwa watoto wa kulea. Hapigi kelele. Ataja sifa za marehemu kwa utaratibu, kama mtu akunjaye nguo za mtu aliyesafiri, kisha aendelea na kazi ya kuishi.

Tulipofika hapo tulisimama tukafikiri. Katika vijiji vyetu mwanamume akifiwa na mke, wakwe na shangazi hugawana watoto kabla ya siku za matanga kwisha, na baba huonekana kama aliyekwisha maliza kazi yake. Shaaban Robert hakuyahesabu malezi kuwa kazi ya kusukumiwa wengine. Alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Hakuwa na mali nyingi ya kuwarithisha, akawarithisha maneno. Twaona hili ni fundisho kubwa kwa kina baba wanaosema, "Sina cha kumwachia mwanangu." Kila baba anao ulimi. Si lazima awe mshairi. Aketi tu na mwanawe chini ya mti, amwambie aliyoyaona duniani, na lipi analolijutia.

Walakini hatukuridhika kabisa. Katika mashauri yake kwa binti, mshairi asisitiza sana utii wa mke kwa mumewe. Mashauri hayo ni mema, wala hatuyakatai. Lakini tuliuliza moyoni: mume akikosa, mke afanye nini? Jamaa za mume wakikosa, na mume akanyamaza, mke afanye nini? Kitabu hiki hakikutupa jibu la kutosha. Jibu tulilipata katika kitabu cha tatu, nacho ndicho hasa kilichotufanya tushike kalamu.

Kitabu hicho ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Nyanza. Yafaa kwanza mjue habari za mtungaji, maana habari zake zenyewe ni somo. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya, akarudi kwao akafanya kazi za misheni. Kitabu hiki alikiandika kwa lugha ya kwao, Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata mtu wa kukipiga chapa, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Uzee ukaja, na maradhi ya viungo yakamtesa. Ndipo akaanza upya, akakigeuza kitabu chote kwa Kiswahili, kurasa mamia kwa mamia. Kilitolewa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, yaani miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwaka 1981 mzee akafariki, na yasemekana nakala za kitabu chake zilikuwa hazijamfikia mkononi. Tena mzee huyu na mkewe Anna hawakubaki na mtoto. Aliishi na mke huyo mmoja, asimfukuze wala asimwongezee mwenzi, katika nchi ambayo mtu asiye na mtoto huhesabiwa kama moto uliozimika.

Sasa sikilizeni hadithi yenyewe. Myombekere amemwoa Bugonoka, nao wapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za Myombekere waanza kunung'unika. Wamtukana Bugonoka, wamshauri mume aoe mwanamke mwingine. Habari zafika kwa baba yake Bugonoka, Namwero, naye aja kumchukua binti yake, amrudishe kwao. Myombekere abaki katika nyumba iliyopoa. Kazi zamlemea, upweke wamlemea zaidi. Mwishowe ainuka, aenda kwa wakwe zake kuomba mkewe. Hapewi kwa maneno matupu. Atozwa faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, naye akubali, arudi kwake kuitengeneza. Baada ya taabu nyingi Bugonoka arudi. Wote wawili watafuta matibabu, na baadaye wapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali, nasi twafuata maisha ya watoto hao hata ukubwa wao.

Msomaji wa haraka atachoka. Twasema kweli, hata sisi tulichoka mara mbili tatu. Mtungaji hapiti penye jambo asilieleze. Mtu akienda kwa wakwe, twaambiwa alivyosalimu, alivyoketi, alivyoletewa chakula, nani alinawa kwanza. Ndizi zikitengenezwa pombe, twazifuata tangu mgombani, zinavyoivishwa, zinavyomenywa, zinavyokandwa pamoja na nyasi hata maji yake yakatoka, yanavyochujwa na kutiwa unga wa mtama uumue. Mwanzoni tulidhani ni maneno mengi bure. Kisha tukafahamu. Mtungaji ataka tujue uzito wa faini ile. Kama angalisema tu, "Akalipa pombe, akapewa mkewe," tungalidhani ni bei. Lakini tulipoyaona majirani wakija kumsaidia, jasho likimtoka, siku zikipita, tulitambua ya kuwa wakwe hawakutaka pombe. Walitaka kujua kama mtu huyu yu tayari kutaabika mbele ya watu wote kwa ajili ya mke ambaye jamaa zake walimwita si kitu. Wazee husema, "Mke ni nguo, mgomba kupalilia." Methali hiyo tumeisema mara nyingi harusini tukicheka. Myombekere aliitenda kwa mikono yake.

Wako Wakristo watakaochukizwa na pombe na waganga na matambiko yaliyomo. Wasiwe na haraka. Mtungaji mwenyewe alikuwa Mkristo wa misheni, lakini hakutaka kuwahubiria babu zake baada ya kufa kwao. Alitaka kuwaonyesha walivyokuwa, wema wao na upungufu wao, wajukuu wasije wakadhani kwamba kabla ya shule na kanisa hapakuwa na heshima wala upendo wala sheria ya ndoa. Sisi twaona amefanya vizuri. Mtu asiyejua ya kwamba babu yake naye aliweza kulia kwa ajili ya mkewe, hatajua pia kwamba yeye mwenyewe aweza.

Kosa moja twalitaja. Hadithi yawapa Myombekere na Bugonoka watoto mwishoni, nasi tulifurahi pamoja nao. Lakini moyo uliuliza: na kama wasingalipata? Je, ile mitungi ya pombe ingalikuwa hasara? Hadithi za namna hii, hata habari za Hana na Elkana katika Kitabu cha Samweli, huisha kwa mtoto, na msomaji asiye na mtoto hufunga kitabu akiwa pale pale alipokuwa. Kwa bahati mtungaji mwenyewe alitujibu, si kwa kalamu bali kwa maisha yake. Aliyetunga hadithi ya watu waliopata mtoto hakuachiwa mtoto, naye alimshika mkewe hata uzee. Kwa hiyo twamsihi kila asomaye kitabu hiki asome na maisha ya aliyekiandika, maana ndiyo sura ya mwisho.

Sasa tuje kwenye ungamo letu.

Ndugu yetu mdogo aliishi na mkewe miaka sita bila ya mtoto. Mwaka juzi, baada ya mavuno, wazee wa ukoo waliita kikao. Walisema yale yale waliyosema jamaa za Myombekere, labda kwa maneno laini zaidi. Ndugu yetu alitazama chini, asiseme neno. Mkewe alikuwa jikoni akitupikia sisi tuliokuwa tukimjadili. Kisha wazee wakatugeukia sisi, wakasema, "Wewe mwalimu ndiwe ujuaye kuandika. Mwandikie baba yake, aje amchukue mtoto wake kwa amani." Nasi tukaandika. Tulianza kwa salamu nzuri, tukauliza hali ya mifugo, tukaeleza kwamba ukoo hauna ugomvi na mtu. Tuliiandika kwa hati safi, tukaipiga muhuri wa adabu zote tulizofundishwa. Barua ile haikuwa na kosa hata moja la herufi. Kosa lilikuwa barua yenyewe. Shemeji yetu aliondoka siku ya tatu na sanduku lake, akatuaga kwa jina la heshima kama kawaida yake.

Hata tulipofika mahali katika kitabu ambapo Namwero aja kumchukua binti yake, tulikuwa tumekwisha kumhukumu Myombekere. Tulisema moyoni, "Mwanamume huyu ni mnyonge. Kwa nini alikaa kimya walipomtukana mkewe?" Tulipokwisha kusema hivyo, tukaikumbuka barua. Tulifunga kitabu, tusikifungue kwa siku mbili. Sisi hatukukaa kimya kama Myombekere, sisi tulishika kalamu. Twaona hilo ni baya kuliko kimya.

Tulipokifungua tena, hatukusoma peke yetu. Tulimwita ndugu yetu jioni, tukamsomea kwa sauti karibu na moto, usiku baada ya usiku. Hakusema neno juu ya barua, wala sisi hatukusema. Tulipofika mahali pa Myombekere kwenda ukweni, alituuliza, "Kaka, mtu huyu alipata wapi miguu ya kwenda?" Tukamjibu, "Twende tukaitafute."

Tulikwenda wawili. Mzee, baba yake shemeji, alitupokea kwa adabu, akatupa viti, akaagiza tuletewe chakula. Tulipokwisha kula, aliingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa. Akasema, "Mwalimu, macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Hebu nisomee barua hii." Ilikuwa ni barua yetu. Tuliisoma yote kwa sauti, salamu, habari za mifugo, na mengine yote, mbele ya mzee na mkewe na watoto wa nyumba ile, na shemeji yetu amesimama mlangoni. Wasomaji wapenzi, tumesoma masomo mengi kanisani mbele ya mamia ya watu, hatujapata kusoma kurasa nzito kama ile moja. Tulipomaliza, mzee aliikunja tena akaitia mfukoni. Alisema tu, "Asante, nimesikia." Ndipo tukapiga magoti, kaka kwanza, kisha mdogo.

Hatukutozwa pombe. Shemeji yetu mwenyewe ndiye aliyesema sharti, naye alilisema kwa sauti ndogo iliyosikiwa na wote. Alisema kwamba hatafikiri neno la kurudi mpaka mumewe akubali kwenda pamoja naye hospitali, wote wawili wapimwe, si yeye peke yake. Haki yake ilikuwa kamili. Hospitalini twafundishwa ya kuwa sababu ya kukosa mtoto yaweza kuwa kwa mume sawasawa na kwa mke, au kwa wote wawili, na mara nyingine haionekani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba karibu mtu 1 katika kila watu 6 duniani hupatwa na jambo hili wakati fulani wa maisha yake. Basi katika kila kanisa lililojaa, benchi baada ya benchi, wako. Nasi kila Jumapili twawaombea wagonjwa, wasafiri na wafungwa, hao hatuwataji, isipokuwa katika vikao vya ukoo.

Ndugu yetu amekubali sharti. Siku tuandikapo haya, wamekwenda hospitali mara moja, nao wameambiwa warudi. Yatakayoonekana hatuyajui, wala si haki yetu kuyatangaza. Lakini barua ya pili tumekwisha kuiandika, si kwa mzee tena bali kwa wazee wa ukoo wetu wenyewe, kuwaambia kwamba kalamu yetu haitatumika tena kwa kazi ile. Wawili katika wao wamekasirika. Mmoja, aliye mzee kuliko wote, alituita akatuuliza kama kile kitabu cha Myombekere twaweza kumsomea naye. Tumeanza juma lililopita.

Basi turudi kwenye vitabu vyetu, tuseme hukumu yetu kwa ufupi. Uhuru wa Watumwa chatufundisha kwamba jamaa yaweza kujengwa upya na watu walionyang'anywa zote walizokuwa nazo. Maisha Yangu chatufundisha kwamba baba aliyefiwa bado ni baba, na maneno mema ni urithi. Kitabu cha Kitereza chatufundisha lililo gumu kuliko hayo: kwamba mara nyingi msiba wa nyumba hauletwi na maharamia wala mauti, waletwa na sisi jamaa, tukiwa tumeketi viti vyetu na kula chakula chao. Uvumilivu mwingi tunaousifu kwa wanawake ni uvumilivu wa kutuvumilia sisi. Hilo si jambo la kulisifu tu, ni jambo la kulikomesha.

Twatoa shauri moja la mwisho. Kitabu cha Kitereza ni kirefu, tena si rahisi kukipata. Mahali kilipo kimoja, kisikae kabatini pamoja na mchwa. Kisomwe kwa sauti jioni, wanaume na wanawake wakisikiliza pamoja, kidogo kidogo, hata kama kitachukua kiangazi kizima. Na asomaye akifika mahali ambapo sauti yake yakwama, asiruke ukurasa.